Kifaranga wa bata mzinga si kifaranga wa kuku

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji tuseme jambo moja kuhusu vifaranga wa bata mzinga. Ushauri unaozunguka mitaani hapa Tabora, na mwingine unaochapishwa, umewafanya watu wengi wafunge mabanda. Usemi uliozoeleka ni kwamba bata mzinga ni ndege mjinga, watoto wake hufa tu hata uwalee vipi. Si kweli. Wanakufa kwa sababu wanalelewa kama kuku: wanaachwa wajifunze kula wenyewe kama kuku, wanalishwa chakula cha mfuko cha kuku, na wanawekwa kwenye sakafu ya kuku. Kuku huyavumilia yote matatu. Bata mzinga havumilii hata moja.

Kabla ya kukimbilia duka la dawa za mifugo, hesabu siku. Umri wa kifaranga siku aliyokufa unaeleza mengi kuliko rangi ya kinyesi chake. Wanaokufa siku ya kwanza hadi ya tatu wamekuja na tatizo lao kutoka kwenye mashine ya kutotolea au njiani: kitovu hakijafunga, tumbo limevimba na linanuka, au walipigwa na baridi safarini. Wanaokufa kwa mkupuo siku ya nne hadi ya sita wamekufa njaa, hata kama chombo kilijaa chakula. Wanaoanza kudorora wiki ya pili hadi ya tano, mbawa zimeshuka na kinyesi ni majimaji yenye utelezi, wachunguze koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vijidudu viitwavyo koksidia. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili, kinyesi kikiwa cha njano iliyokolea kama unga wa kiberiti, adui ni ugonjwa uitwao kichwa cheusi, na huyo tutamrudia kwa kirefu.

Tuanze na njaa. Kifaranga hutoka kwenye yai akiwa na mabaki ya kiini tumboni, nayo humtosha saa 48 hadi 72. Anayepakiwa Dar es Salaam kuja Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, anafika akiba hiyo imeshaliwa sehemu kubwa. Mpokee kwa maji ya uvuguvugu yenye sukari, vijiko vinne vya chakula kwa lita moja, na saa moja au mbili baadaye weka chakula. Maji ya sukari yasikae zaidi ya saa sita. Baada ya hapo yanachacha na kuharisha. Kisha ifanyike kazi ambayo watu wengi huiona ya kitoto: mshike kila kifaranga, mchovye ncha ya mdomo kwenye maji, halafu kwenye chakula. Kila mmoja. Ukiwa na hamsini ni kazi ya nusu saa tu.

Sababu ya kazi hiyo ni kwamba kifaranga wa bata mzinga hadonoi hovyo kama wa kuku. Anavutwa na kinachong'aa au chenye rangi, na unga wa kahawia kwenye chombo cha kahawia haumwambii kitu. Weka goroli za watoto tano au sita ndani ya chombo cha maji na nyingine juu ya chakula. Zichague kubwa kiasi cha kutomezeka. Nyunyizia juu ya chakula majani mabichi ya kitunguu au mchicha uliokatwa hadi kuwa kama majani ya chai. Yai la kuchemsha lililosagwa pamoja na chakula, yai moja kwa vifaranga kumi kwa siku, husaidia siku tatu za kwanza, ila lisilale hadi jioni. Siku hizo tatu chakula kiwekwe kwenye trei za mayai za karatasi, nyingi, zitapakae bruda nzima, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, zikichafuka zichomwe. Taa iwake usiku kucha na mwanga uwe mkali.

Usiku wa kwanza, kabla ya kulala, papasa magole, vile vifuko vya chakula chini ya shingo. Gole lililojaa ni laini na la mviringo. Gole gumu kama jiwe lina chakula bila maji. Lililo tupu ni la mtoto atakayekufa siku ya tano, na huyo mtenge umnyweshe na kumlisha kwa mkono sasa hivi, si kesho. Ukimpasua aliyekufa ukakuta firigisi imejaa maranda, maana yake ni kwamba alitaka kula na hakujua chakula kiko wapi.

Hapa ndipo unapoingia ule ushauri maarufu: wachanganye na vifaranga wa kuku wawafundishe kula. Mwalimu huyo anafundisha kweli, hatubishi. Lakini awe kifaranga wa mashine, wa siku moja, ambaye hajakanyaga ardhi, mmoja kwa bata mzinga kumi, na aondolewe kabla wiki haijaisha. Kifaranga wa kienyeji aliyetembea na mama yake, hata siku mbili, asiingie, kwa sababu ya kichwa cheusi tutakachokieleza. Anayekuandikia "changanya" bila kukuambia hayo amekupa nusu ya dawa na nusu ya sumu.

Kuhusu bruda tutasema kwa ufupi, maana wafugaji wengi wa kuku wanaijua. Kwa vifaranga 20, kata maboksi magumu au bati laini lenye kimo cha sentimita 45 na urefu wa mita 5, unganisha ncha. Utapata duara lenye upana wa mita 1.6 na eneo la mita za mraba 2. Liwe duara kwa sababu wakiogopa au wakisikia baridi hukimbilia kona, wanapandana, na wa chini anakosa hewa. Chini mwaga pumba za mpunga au maranda unene wa sentimita 5 hadi 8. Pumba za mpunga za Igunga na Nzega zinafaa sana zikiwa kavu. Vumbi la mbao la msumeno halifai. Wanalila na linaziba firigisi. Siku nne za kwanza funika pumba kwa gunia safi la katani au karatasi ngumu ya kaki. Utusamehe, Mhariri, gazeti lako tunalisoma lakini hatulitandiki: likilowa linateleza, na kifaranga anayeteleza siku mbili za kwanza huachama miguu akabaki kiwete. Aliyeachama tayari, mfunge miguu kwa uzi laini wa sufu, nafasi kati ya mguu na mguu iwe upana wa mwili wake, mwache siku tatu au nne. Akichelewa kufungwa hadi wiki ipite, hanyooki tena.

Joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 35 hadi 37 chini ya chanzo cha moto, likipimwa kwenye kimo cha mgongo wa kifaranga na si kwenye paa la banda. Punguza nyuzi 3 kila wiki hadi manyoya yafunge, karibu wiki ya sita. Kifaranga wa kuku ungemwanzishia nyuzi 32 hadi 35, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo ndiyo hutofautisha bruda ya Kigoma mjini kando ya ziwa na ya Kasulu au Kibondo kwenye miinuko. Hapa Tabora usiku wa Juni na Julai ndio mtihani wenyewe. Mchana wa jua kali hudanganya mtu akazima jiko saa moja jioni. Wakijikusanya katikati na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakitawanyika ukutani, midomo wazi, wana joto. Wakilala wametapakaa kama mbegu zilizomwagwa, usiguse kitu.

Jiko la mkaa linaua kimyakimya. Liwashiwe nje hadi moshi na mwali viishe, liingizwe likiwa limefunikwa sufuria kuukuu, na banda liwe na upenyo wa hewa juu ya vichwa vya ndege. Watu hudhani mkaa usiotoa moshi hauna madhara. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu. Ukikuta asubuhi wamekufa wengi kwa pamoja bila dalili yoyote usiku, na damu yao ni nyekundu ya kung'aa, si ugonjwa, ni jiko. Anayeogopa mkaa atumie madumu ya lita 20 yenye maji ya moto yaliyofungwa gunia, akibadilisha kila yanapopoa. Tena kwa kuwa hapa kwetu tumbaku haiadimiki: wapo wanaotandaza majani yake kwenye bruda kufukuza utitiri. Nikotini ni sumu kwa kifaranga. Acheni.

Sasa mfuko. Kifaranga wa kuku wa mayai anakua vizuri kwa chakula chenye protini asilimia 18 hadi 20. Wa bata mzinga anataka 28 kwa wiki nne za kwanza na 26 kwa nne zinazofuata. Ukimpa mfuko wa kuku wa mayai hafi mara moja, anadumaa: mbawa zinaburuza, manyoya hayafungi, miguu inapinda magotini, na ugonjwa wowote unaopita unamchukua. Chakula maalumu cha bata mzinga ni shida kukipata katika maduka ya pembejeo ya mikoa hii, hivyo wengi hutumia cha kuanzia cha kuku wa nyama, chenye karibu asilimia 22, na kukiongezea dagaa. Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Tuseme dagaa waliosagwa wana protini 55. Unataka 28. Toa 28 kwenye 55, unabaki na 27: hizo ni kilo za chakula. Toa 22 kwenye 28, unabaki na 6: hizo ni kilo za dagaa. Kilo 27 kwa kilo 6, au kwa kipimo kidogo kilo 9 kwa kilo 2. Kwa wiki ya tano hadi ya nane, kwa njia ileile, kilo 29 kwa kilo 4.

Lakini ni dagaa gani? Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wazuri mno kwa kazi hii, mradi wawe wamekaushwa juu ya chanja. Waliokaushwa mchangani unanunua mchanga kwa bei ya samaki. Tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, ngoja dakika moja, uone kinachotua chini. Wa chumvi usiwaguse kabisa, maana figo za kifaranga wa bata mzinga haziwezi kuitoa. Anakunywa bila kukoma, tumbo linajaa maji, anakufa. Anayetaka soya aikaange hadi inukie na ganda litoke lenyewe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, kwa hiyo unaongeza protini kwenye ndoo na kuipunguza tumboni. Na kwa sababu dagaa wanapunguza uzito wa vitamini zilizotiwa kiwandani, vitamini za kuchanganya kwenye maji ziwepo mara mbili kwa wiki.

Kuna jambo jingine ndani ya mfuko huo, na ndilo lililotufanya tuandike barua hii. Vyakula vingi vya kuku wa nyama hutiwa kiwandani dawa ya kuzuia koksidia. Si kosa, kwa kuku ni msaada. Tatizo ni aina ya dawa. Salinomaisini, kwa kiwango cha kawaida cha gramu 60 katika tani ya chakula, ni salama kwa kuku na ni sumu kwa bata mzinga. Narasini, dawa ya jamii hiyohiyo, vilevile. Na bata mzinga mkubwa huathirika kuliko mdogo, ndiyo maana mtu hulisha mfuko huohuo wiki za mwanzo bila kuona kitu, akasema "wamezoea", kisha baadaye anaokota mizoga. Dalili zake ni za misuli: ndege analala kifudifudi, miguu imenyooka nyuma, anahema kwa shida, macho yako wazi na anajua kinachoendelea, ila hawezi kuinuka. Jirani atasema kideri. Mwingine atasema amepooza kwa kukosa kalsiamu. Duka litakuuzia antibayotiki. Wakati huo chakula kilekile kimo kwenye chombo.

Ikitokea antibayotiki hiyo ni tiamulini, ya mafua na kuvimba uso, mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwani tiamulini inazuia mwili usiitoe salinomaisini, narasini wala monensini, ndugu yao wa tatu. Hata kuku, wanaovumilia kila moja peke yake, hufa zikikutana. Monensini yenyewe bata mzinga wadogo huivumilia kwa kiwango chao, lakini kanga hapana, na kwa punda na farasi ni kifo. Walioko Nzega na Igunga wenye punda uani waelewe kwamba punda aliyeingiza kichwa kwenye mfuko wa kuku huenda asiione kesho.

Cha kufanya ni kusoma lebo. Tafuta neno linaloanza na Salino- au Naras-. Ukiliona, mfuko huo ni wa kuku tu. Ukiona amproliamu, dawa nyingine ya koksidia, lisha bila hofu. Lebo ikisema tu "ina kinga ya koksidia" bila jina, au haipo, kama ilivyo kwa chakula kinachopimwa kwa kilo kutoka kwenye ndoo dukani, usikitumie kwa bata mzinga. Tunawaomba wenye viwanda waandike jina la dawa kwa herufi zinazosomeka, na wenye maduka wanaopima kwa kilo wautunze mfuko wenye lebo hadi kilo ya mwisho iuzwe.

Wapo watakaosema basi tuchanganye wenyewe nyumbani. Vizuri, ila Tabora ni mkoa wa karanga, na mashudu ya karanga ndiyo yaliyoufundisha ulimwengu sumukuvu. Mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa zaidi ya bata mzinga 100,000, wengi wao wadogo, kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Chanzo kikaonekana kuwa mashudu ya karanga kutoka Brazili yaliyoota kuvu, na kutoka hapo sumu yenyewe ikapatikana na kupewa jina. Kwa maneno mengine, bata mzinga ndiye aliyewatangulia wanasayansi. Watoto wa bata ndio wepesi kuliko wote kudhurika, bata mzinga wanafuata, kuku wako mbali nyuma. Kwa hiyo mashudu au pumba zilizowalisha kuku wako bila tatizo haziwi ushahidi kwamba ni salama. Wala si shida ya ndege pekee: mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara.

Sumu hiyo haiondoki kwa kuanika upya wala kwa kupepeta. Kuzuia ni ukavu. Chukua chupa kavu ya maji, jaza mahindi hadi theluthi, tia vijiko vidogo vitatu au vinne vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka. Mifuko ikae juu ya chaga, mbali na ukuta, na usinunue chakula cha zaidi ya wiki tatu au nne wakati wa masika.

Tufike kwenye sakafu. Kichwa cheusi, licha ya jina lake, mara nyingi hakifanyi kichwa kiwe cheusi. Ni kijidudu kinachokaa kwenye vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo na kupanda hadi kwenye ini. Ukimpasua ndege utaona vifuko vimekuwa vigumu, vimejaa kitu kama jibini, na ini lina madoa ya duara yaliyodidimia katikati. Kuku anakibeba bila kuumwa. Kikitoka peke yake kwenye kinyesi kinakufa ndani ya saa chache, lakini kinasafiri ndani ya yai la mnyoo mdogo wa kuku, na yai hilo hukaa udongoni miaka kadhaa. Nyungunyungu nao huyameza na kuyahifadhi. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama bata mzinga wako wanalala na kuku leo. Ni kama kuku walikuwa wakitifua ardhi ile mwaka juzi. Mmoja akishaambukizwa, anawaambukiza wenzake moja kwa moja kwa kinyesi, hata bila mnyoo.

Dawa za kutibu karibu zimekwisha. Marekani dawa ya mwisho iliyokuwa na kibali kwa ugonjwa huu iliondolewa mwishoni mwa mwaka 2015, na Ulaya walishazifuta zao kabla. Vidonge vya binadamu vinavyopendekezwa na majirani haviruhusiwi kwa ndege wa kuliwa katika nchi nyingi, na hatutaviandika hapa. Kinga ni kuwatenga. Viatu vya banda la kuku visiingie kwa bata mzinga. Weka ndara mlangoni. Hudumia bata mzinga kwanza, kuku baadaye, kila siku. Kuku wa nyumbani wapewe dawa ya minyoo, na hapa watu hupoteza fedha: piperazini, iliyo rahisi na maarufu, inaondoa minyoo mikubwa ya utumbo mwembamba na kumwacha huyu mdogo anayebeba kichwa cheusi. Ulizia levamisoli au fenbendazoli, na heshimu siku za kutokula mayai na nyama zilizoandikwa kwenye chupa.

Asiye na ardhi safi ajenge kichanja. Kuanzia wiki ya sita bata mzinga hukaa vizuri juu ya sakafu iliyoinuliwa mita moja, ya wavu imara wa tundu la nusu inchi au fito nyembamba zilizopangwa kwa nafasi ya kidole, kinyesi kikaanguka chini nao wasikifikie. Chini zungushia wavu ili kuku wasiende kuchakura hapo. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, kichanja chenye paa la kutokeza kinaokoa ndege wengi kuliko dawa yoyote, kwa sababu katika umri wa wiki nane hadi kumi, wakati nyama nyekundu inaanza kuota kichwani na shingoni, kulowa usiku mmoja kunatosha kuwaangusha.

Koksidiosisi ya bata mzinga haitoki kwa kuku, kila ndege ana koksidia wake. Na usingoje damu, kwao mara nyingi haionekani. Amproliamu ya unga ya asilimia 20, gramu 0.6 hadi 1.2 kwa lita ya maji, siku 3 hadi 5. Katika siku hizo simamisha vitamini zote za maji. Dawa hii inafanya kazi kwa kumnyima koksidia vitamini B1, na anayeitia ndoo moja na vitamini anamlisha adui.

Chanjo ya kideri wapewe kama kuku, tone moja la jicho. Ile ya TEMEVAC ya Kibaha inavumilia joto kuliko nyingine, ila isianikwe juani sokoni, na ratiba ya kurudia iko kwenye karatasi yake. Kideri kwa bata mzinga huja na dalili za kujificha kuliko kwa kuku, hivyo asiyechanjwa anaweza kukuletea ugonjwa bandani huku unamwona mzima. Ugonjwa wa Gumboro hauwaumizi, usilipie chanjo yake kwa ajili yao. Ndui ndiyo yenye ujanja: kuku anachomwa kwenye utando wa bawa, bata mzinga achomwe pajani. Hulala ameficha kichwa chini ya bawa, na kidonda cha chanjo kikiwa bawani atajipaka machoni.

Kwa ndege wengine, haraka tu. Kuku wa kienyeji anaweza kuatamia mayai ya bata mzinga matano au sita, siku 28, lakini watoto wakitoka wasiachwe naye, kwa sababu ya kichwa cheusi tulichokieleza. Bata wa kawaida wa vijijini, aliyezoea kukaa siku 35 juu ya mayai yake, ni mtamiaji bora zaidi. Vifaranga wa kanga wanataka protini 24, wanazama kwenye sahani ya maji kama haina kokoto, na umande wa asubuhi unawaua. Wasitoke kabla nyasi hazijakauka. Watoto wa bata wapewe maji ya kina cha kutosha kuzamisha pua, vinginevyo matundu yanaziba, ila wasiogelee kabla ya manyoya kama hawana mama wa kuwapaka mafuta. Miguu yao ikipinda, mara nyingi ni upungufu wa vitamini iitwayo niasini, nao dagaa husaidia.

Wakianza kufa na huelewi, usimzike wa kwanza. Maabara ya mifugo ya TVLA ina kituo hapa Tabora. Peleka mzoga uliokufa muda mfupi, ndani ya mifuko miwili ya plastiki, uliopozwa kwa barafu bila kugandishwa, siku hiyohiyo. Ukiwa na anayeumwa bado hai, yeye ni bora kuliko mzoga. Andika kwenye karatasi umri kwa siku, wangapi walikuwepo, wangapi wamekufa na lini, dawa gani wamepewa. Na beba nusu kilo ya chakula kutoka kwenye mfuko uleule waliokuwa wakila, pamoja na lebo yake.

Wafugaji wa ndege,
Manispaa ya Tabora.